Siku yangu moja: vikapu kumi na viwili na kaniki ya mama mkwe

Mwanamke akionekana barazani na ukili, utepe uliosukwa wa kushonea vikapu, mkononi, wapita njia hudhani amepumzika. Salamu zenyewe huja hivyo: "Mwenzetu leo umekaa tu?" Kumbe niko kazini. Mimi ni msusi wa vikapu na mikeka hapa Pangani, na kazi hii naifanya na nyumba nzima: mama mkwe, baba watoto akirudi baharini, na watoto wakitoka shule. Nimeamua kusimulia siku moja ya kazi hii, Alhamisi iliyopita, ambayo mteja alikuwa anakuja kuchukua mzigo wake.

Saa kumi na moja alfajiri, baada ya kuswali, nasuka kabla hata ya kuwasha moto. Saa hizo bado kuna umande, miyaa, majani makavu tunayosukia, inakuwa laini na inatii. Jua likishapanda inakauka na kukatika, na kila baada ya muda lazima uinyunyizie maji. Ukili wangu wa vikapu ni wa miyaa kumi na tatu: mmoja unapita juu, unaofuata chini, ukifika ukingoni unaukunja unarudi ndani, upana unakuwa vidole vitatu. Tunapima kwa pima, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Pima moja inanichukua kama saa mbili, na huo ni mkono uliokwisha zoea. Kikapu cha sokoni kinakula pima tatu na ushei. Mkeka wa kulalia wa futi nne kwa sita unakula ishirini na nne hivi. Naomba msomaji azishike hesabu za kikapu, zitahitajika mbele.

Saa moja watoto walikunywa chai na viporo wakaenda shule. Kijana alibeba fagio la chelewa, maana darasa lao waliagizwa. Chelewa alizichonga mwenyewe kwenye makuti yaliyoanguka uani, hatukununua.

Saa mbili nikaingia kwenye kushona, na hapa ndipo watu wangeshangaa wakijua vitu vinatoka wapi. Shazia, sindano kubwa ninayoshonea, ni ubavu wa mwavuli uliovunjika. Ncha ya ubavu wa mwavuli tayari ina tundu, lile linaloshikiliwa na uzi wa kitambaa. Baba watoto hukata urefu wa kidole na nusu kutoka kwenye tundu, upande wa pili akaunoa kwenye jiwe mpaka uchome, na hapo una shazia ngumu isiyopinda. Uzi tunaufumua kwenye mifuko ya salfeti ya sukari, nyuzi mbili zinasokotwa pamoja, na hauozi hata kikapu kikibeba samaki. Bitana ni mashati ya shule yaliyochakaa kola. Vifungo ni vifuu vya nazi vilivyokatwa na kusuguliwa kwa msasa. Rangi nyekundu na ya zambarau ni ya unga, hiyo nanunua dukani, lakini hudhurungi naichemsha kwa magome ya mkoko. Sikati mti. Mafundi wanaojenga wakibandua boriti zao, magome wanayaacha chini, na wanangu wanayaokota.

Kinachonunuliwa ni kidogo. Miyaa yenyewe inatoka kwenye mwaa, mti wa jamii ya mnazi, unaoota bila kupandwa, lakini lazima uufuate porini, ukate kilele kikiwa bado hakijafunguka, ukianike juani na kwenye umande siku kadhaa kipate weupe, ndipo uchane mmoja mmoja kwa ukucha.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, vikapu vilipata soko kwa kishindo, kisha ikaja ile mifuko laini ya kitambaa cha kiwandani na wengi wakahamia huko. Waliobaki kwetu ni wanaotaka kitu cha kudumu, na wa sherehe. Mteja wa Alhamisi alikuwa wa sherehe. Aliagiza vikapu kumi na viwili kwa ajili ya kicheni pati ya mdogo wake, bei tukakubaliana 15,000 kimoja, akatanguliza 30,000. Alisema angefika saa tatu.

Alifika saa sita kasoro. Nilikuwa nimevipanga juu ya jamvi, safi, bitana imepigwa pasi. Akamsalimia mama mkwe vizuri, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba. Akainua kikapu cha kwanza, akakigeuza, akasifu rangi. Halafu akashika mshikio.

"Dada, haya si matambara?"

Nikamwambia ni kanga. Ndani kuna kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, tuliyoisokota wenyewe, juu yake tumezungushia kanga kuukuu iliyochemshwa na kufuliwa.

"Zawadi ya harusi hiyo dada'angu. Watu watasema tumewapelekea vitambaa vya deki. Vitoe vyote."

Niseme ukweli, iliniuma. Kanga mpya ina wanga, inateleza, haishiki kamba. Kanga iliyofuliwa miaka inakuwa laini na inalala vizuri mkononi, ndiyo maana tunaitumia. Lakini sikubishana. Nilichukua kikapu ambacho mshikio wake ulikuwa bado haujavikwa, nikatia kilo mbili za mchele, nikampa ashike. Alizunguka nacho uani mpaka kisimani na kurudi, akakiweka chini akijikuna kiganja. Usumba mtupu unachoma. Akakubali kitambaa kibaki, ila akatoa sharti lingine: vyote viwe rangi moja, isiyo na maua wala maandishi, na gari lake linaondoka saa kumi.

Rangi moja, mishikio ishirini na minne, na saa zenyewe nne tu. Nilipekua nyumba nzima. Shuka ilikuwa fupi, pazia ni nailoni, inateleza. Ndipo mama mkwe alipoinuka bila kusema kitu, akaingia chumbani kwake, akatoka na kaniki, nguo nyeusi ya kujifunga isiyo na maua.

Kaniki ile naijua. Ndiyo aliyokuwa akijifunga enzi zake akienda pwani kufukua makumbi. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la ufukweni miezi mingi, maji yanakuja na kutoka, mpaka nyama yake ioze na nyuzi zibaki. Kuyafukua ni kazi yenye harufu inayokaa mwilini, kisha unayaponda kwa rungu, unayaosha, unaanika, ndipo upate usumba wa kusokota. Miaka yote hiyo alivaa kaniki ile. Nikamwambia, "Mama, hiyo hapana." Akasema, "Ipo sandukuni inafanya nini? Lete mkasi."

Kuanzia hapo sikumbuki saa vizuri. Unakata pindo kidogo kwa mkasi, unashika kwa mikono miwili, unachana, na kaniki nzuri inachanika wima kufuata uzi wake bila kupinda. Utepe wa vidole viwili. Unauloweka majini, unaukamua, unauanzisha chini ya mshono na kuuzungusha mshazari, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia, unavuta kwa nguvu zote. Ukikauka unajikaza wenyewe. Mwisho unautia kwenye shazia na kuupenyeza ndani ya kamba usionekane. Mshikio mmoja, unageuza kikapu, wa pili. Kidole changu cha shahada kilichubuka nikakifunga na kipande cha kaniki hiyohiyo nikaendelea. Jua likafika barazani, tukahamia nyuma ya jiko. Binti yangu wa darasa la sita alirudi shule akakaa palepale na sare yake, akawa anachana tepe na kuloweka. Chakula cha mchana tulikula muhogo wa kuchemsha kwa zamu, mmoja anakula, wengine wanafunga. Mteja alikuwa kwenye kivuli cha mwembe anaongea na simu, na kila baada ya muda anauliza, "Bado?"

Tulipomaliza cha nane, alikuja kutazama. Weusi ule wa kaniki juu ya miyaa mieupe na hudhurungi ya mkoko ulitoka mzuri, nami nasema hivyo kwa fahari. Yeye mwenyewe alinyamaza kidogo, akasema hivi vinafaa kwa bibi harusi. Kisha akasema:

"Sasa nifanyie elfu nane nane. Maana ni vitu vya kuokota tu, si mmenunua."

Mgongo ulikuwa unaniuma, lakini nilimjibu taratibu. Dada, kikapu kimoja ni pima tatu na ushei. Pima moja ni saa mbili. Hapo ni saa saba kabla sijashika shazia. Ongeza kushona, bitana, kusokota kamba, na haya ya leo. Nikamwambia miyaa haina bei, siku yangu inayo. Yule bibi uliyemwamkia amechana nguo yake. Elfu nane kwa kazi ya siku nzima na nusu, wewe ungepokea?

Tulivutana mpaka gari lake likapiga honi nje. Akachukua vile vinane kwa 14,000 kimoja, 112,000 jumla, akatoa ile aliyotanguliza, akanitumia 82,000 kwenye simu. Vinne alisema hana haja navyo tena. Nilimsaidia kubeba mpaka garini, maana mteja ni mteja.

Jioni baba watoto alipita na samaki, nikapika, nikafua sare ya binti iliyotiwa weusi na kaniki. Katika ile pesa, 20,000 nilimpa mama mkwe. Alikataa, nikaiweka chini ya mto wake. Binti nilimpa 3,000, kwa sababu kwetu mtoto akifanya kazi ya mtu mzima analipwa. Nyingine imekwenda kwenye michango ya shule, unga, na pakiti mbili za rangi. Ilipofika saa tatu usiku nilikuwa nimelala na taa inawaka.

Vile vinne bado vipo. Vina mishikio ya kanga, yenye maua na maandishi yaliyokatika katikati, bitana ya shati jeupe na kifungo cha kifuu. Bei ni 15,000 kimoja.