Ninavyotibu mabaka ya uso kwa leza kwenye ngozi nyeusi

Kabla hata ya kutaja leza, mimi huuliza kuhusu mkorogo. Aliyepaka haidrokwinoni, dawa ya kufifisha weusi wa ngozi, kwa miaka anaweza kuwa na okronosi, yaani weusi unaoelekea bluu wenye vipele vidogo vigumu mashavuni. Ukiidhania ni melazma, yaani yale mabaka ya kahawia ya usoni ninayoyatibu, utachoma bure. Taa ya Wood, ile ya mwanga wa urujuanimno, hainisaidii kwa mtu mweusi tii; mimi hutegemea dermatoskopu, lenzi ya kukuza ngozi.

Ngozi naiandaa kwa wiki 6 hadi 8. Asubuhi ni losheni ya kukinga jua, ile yenye rangi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, na mwanga huo nao huchochea melanini, yaani rangi ya ngozi. Losheni nyeupe peke yake haitoshi. Usiku ni krimu ya haidrokwinoni asilimia 4 na tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A), ambayo husimamishwa siku 7 kabla ya leza. Mabaka yakififia vya kutosha hapa, leza haina kazi tena.

Wanaobaki na mabaka nawapiga Nd:YAG, aina ya leza, ya nanomita 1064 (urefu wa wimbi la mwanga) yenye mapigo mafupi sana, ya nanosekunde. Mwale wa nanomita 532 siutumii kwa melazma: melanini ya juu ya ngozi huunyonya sana na ngozi ikaungua. Mashine za IPL, zinazopiga mwanga mkali usio leza, naziacha kwa sababu hiyohiyo. Huacha alama za mistatili usoni. Kwa Nd:YAG naanza na nishati ya juli 1.2 hadi 1.6 kwa sentimita mraba, upana wa mwale milimita 8, mapigo 10 kwa sekunde. Jaribio hufanyika mbele ya sikio, kisha nasubiri wiki 4. Macho yanafunikwa, na nyusi naziepuka kwa kuwa vinyweleo vyake huweza kuwa vyeupe. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi hii, hivyo napima joto kwa mgongo wa kiganja. Ngozi ikipauka kama majivu, nishati imezidi.

Kinachoharibu zaidi ni haraka. Vikao vya kila wiki, tena vingi, huleta vidoa vyeupe kama matone, na vingine havirudishi rangi. Mimi huacha wiki 2 hadi 4 kati ya vikao, na sivuki vikao 6. Kidoa cheupe cha kwanza kikitokea, tiba inasimama siku hiyohiyo.

Hata kazi ikienda vizuri, melazma mara nyingi hurudi baada ya miezi kadhaa. Hilo mgonjwa hulisikia kwangu siku ya kwanza, kabla hajalipa chochote.