Zote zinaitwa tatu

Dada yangu ndiye aliyefungua sanduku, kule Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Akatoa viatu vya watoto, akatoa mafuta ya nywele aliyoagiza, kisha akafika kwenye boksi la viatu nililolizungushia utepe wa gundi. Akalitikisa.

"Yaya, hii ni nini?" Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa.

"Treni."

"Ndege inakupa kilo 23, na weye unaleta treni ya batoto?"

Sikuwa na la kujitetea. Simu aliyoniomba sikuileta. Nilichoweza kusema ni kwamba boksi zima halikufika kilo mbili: vichwa viwili, mabehewa sita, reli za mduara mmoja na kidhibiti chake. Hakucheka. Lakini Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni akipunga upepo, alivuta kiti karibu.

Baba aliendesha vichwa vya umeme kwenye njia ya Lubumbashi na Likasi, huko Katanga, ile ya volti 25,000 iliyoanza kufungwa nyaya miaka ya 1950. Kama alivyo mtoto wa fundi seremala, mimi nilikua nikisikia habari za kazi moja tu. Kwa hiyo nilipofika Liège, Ubelgiji, bado kapera, Jumapili moja nikaona treni za modeli zimepangwa juu ya kitambaa katika soko la La Batte, kando ya mto Meuse, mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Zilikuwa saizi HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli za upana wa milimita 16.5. Mwaka wa tatu chumba kilijaa. Akazaliwa mtoto wa kwanza, nikavumilia. Akazaliwa wa pili, ubao wa reli ukaondoka kukawekwa kitanda, nikauza mpaka misumari. Miaka tisa sikugusa treni.

Nimerudi kwa saizi N. Hii imepunguzwa mara 160, reli zake ni milimita 9, na behewa la abiria la mita 26 linakuwa na sentimita 16 na kidogo tu. Kona kali kabisa ya HO ina nusu kipenyo cha sentimita 36 hivi, kwa hiyo ubao chini ya sentimita 80 ni taabu. Wangu sasa una upana wa sentimita 60 na unasimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mke wangu anautundikia makoti.

Kuna uongo mmoja humo, nauungama mapema. Reli za Katanga ni za upana wa milimita 1067, nyembamba kuliko za Ulaya zenye 1435. Ukigawa kwa 160 unapata milimita 6.7, si 9. Kwa hiyo treni yangu inatembea kwenye njia iliyonenepa. Wajapani nao reli zao nyingi ni za 1067, na wanafanya uongo huohuo: wanatengeneza treni zao kwa 1:150 na kuziweka juu ya milimita 9. Nikasema basi, kama wao wanalala usingizi, na mimi nitalala.

Kilichonisumbua ni namna ya kuziendesha. Kwa mtindo wa zamani umeme wa kwenye reli ndiyo mafuta: ukiongeza, kila kichwa kilichopo kwenye njia hiyo kinaongeza, ukigeuza, vyote vinarudi nyuma. Dijitali ni kitu kingine. Umeme unakuwa umejaa relini wakati wote, na ndani ya umeme huohuo zinapita amri. Kila kichwa kina kidude chake, dikoda, kinachosikiliza namba yake tu na kuziacha za wengine zipite. Mfumo unaitwa DCC. Ulitoka kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na miaka ya 1990 NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni za modeli, kikaufanya kanuni ya wote, ndiyo maana dikoda ya huyu inaelewana na kidhibiti cha yule.

Jioni nyingi nililinganisha. Kuna visanduku vya Wi-Fi ambavyo unaendesha kwa simu. Kuna DCC-EX, programu ya bure unayoiweka kwenye kibao cha elektroniki kiitwacho Arduino Mega, na bei yake haiumi. Ningekuwa kijana ningeichukua hiyo. Lakini mimi nashinda bohari na skana mkononi, macho kwenye kioo kuanzia asubuhi. Sirudi nyumbani ili niangalie kioo kingine. Nilitaka kitu cha kushika na gurudumu la kuzungusha. Tena nilishakuwa na safari ya Lubumbashi kichwani, na Lubumbashi umeme huondoka bila kuaga. Nikachukua Power Cab ya NCE: rimoti na mtambo vyote viko ndani ya kitu kimoja cha mkononi, na inakula umeme wa volti 13.8, wa DC, yaani wa aina ya betri. Nikawaza: hiyo si mbali na betri ya gari.

Kichwa kimoja kilikuja na tundu la dikoda tayari. Cha pili kilikuwa cha mtumba, cha zamani, hakina tundu, na hapo ndipo nilipojichoma. Katika vichwa vya N vya siku hizo, chuma chenyewe cha chesisi ndicho kinachopitisha umeme kutoka kwenye magurudumu, na brashi moja ya mota imegusa hapohapo. Lazima uitenge kwanza. Mimi niliitenga kwa utepe, nikasolda nyaya, nikaweka relini bila kupima kwanza kwa umeme mdogo wa njia ya kupangia, yaani reli ya kando ya kuandikia dikoda namba zake. Utepe ulikuwa umeteleza, pengine unene wa ukucha. Moshi ulitoka mmoja tu, mwembamba kama uzi, na harufu ikakaa sebuleni mpaka kesho yake. Dikoda imeungua; nyingine ikanila yuro thelathini na kitu. Dada yangu asisome hapa.

Basi, Kamalondo, juu ya meza ya kulia. Nimefunga mduara, nimeweka vichwa viwili, umeme wa mtaa ukakatika kabla sijawasha. Shemeji akatoa betri ya gari lake, nikaunganisha kupitia fyuzi. Power Cab ikawaka na kuandika 003. Nikampa Baba. Akazungusha gurudumu kidogo, vichwa vyote viwili vikaondoka pamoja.

"Mbili yote inaitwa tatu?"

Ndivyo, dikoda zikitoka kiwandani zote ni namba 3, na mimi kwa haraka ya safari sikubadilisha. Nikatoa kimoja, nikakiandika 14 mbele yake. Akaomba tena. Safari hii akakitoa kichwa na mabehewa kwa kishindo, na mwenyewe akakunja uso.

"Hapana. Ukitoka hivi utakata mavagoni. Treni inatoka kama mugonjwa mwenye kutoka kitandani."

Kuna namba za kupanga hilo: CV3 ni ya kuondoka, CV4 ni ya kusimama. Nikapandisha zote mbili. Akazungusha. Kichwa kikakaa kwanza, kikajivuta, mabehewa yakafuata moja baada ya jingine. Watoto wa jirani walikuwa wameshajaa dirishani. Baba hakusema kitu kwa mizunguko mitatu au minne. Kisha akapunguza kabla ya kona iliyo karibu na sahani ya sombe, yaani kisamvu, akainua kichwa akaniuliza:

"Honi iko wapi?"

Dikoda zenye sauti zipo. Katika saizi N ni ghali, na ni shida kupata nafasi ya spika. Nilimwambia safari ijayo. Dada yangu, aliyekuwa amesimama na kitambaa cha meza mkononi akingoja tumalize, akasema safari ijayo ni simu.