Mitungi ya manjano na chupa ya chumvi: nilivyojaza stoo yangu ya chakula Kisumu

Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko Manyatta, Kisumu, na kazi yangu ina msimu. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Januari nashona sare za shule mpaka usiku wa manane. Ikifika Machi, anayekuja ni mtu wa kubadilishiwa zipu au kupunguziwa suruali. Kwa hivyo nyumbani kwangu tulikuwa tunakula vizuri miezi miwili, halafu tunahesabu shilingi. Mwaka 2022 unga wa pakiti ya kilo 2 ulipopita shilingi 200, nilikuwa nanunua pakiti moja jioni nikishapata pesa ya siku, pamoja na mafuta ya kupima na nyanya tatu. Nilijua kununua kidogo kidogo ndiko kunakokula pesa zaidi, lakini pesa ya siku hainunui gunia.

Januari 2023 nikaamua pesa ya sare lazima ilishe nyumba hadi Julai. Nilinunua gunia la mahindi la kilo 90 na nusu gunia la maharagwe, mkokoteni ukanifikishia mlangoni. Nikaviegemeza kwenye ukuta wa chumba cha kulala, juu ya sakafu ya simiti, nikafunika na leso. Usiku huo nililala fofofo.

Mwisho wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imekolea, mama mkwe alitutembelea kutoka Seme. Alipita kuchota mahindi ya kuchemsha, akasimama na mkono ukiwa bado ndani ya gunia.

"Nyar Butere," akaniita, yaani binti wa Butere, maana kwetu ni Butere, "haya mahindi yana joto."

"Ni joto la chumba tu, Mama. Kisumu hii."

"Hapana. Tia mkono mpaka chini."

Nikatia. Juu punje zilikuwa za baridi na zinateleza. Nilipofika katikati zilikuwa vuguvugu, na chini kabisa zilikuwa zimeshikana mabonge, na harufu ya udongo uliolowa. Nilipotoa bonge moja kwenye mwanga niliona ukungu wa kijani umetanda penye kiini cha punje. Maharagwe nayo yalikuwa na vitundu vya duara, vidogo, safi kama vimetobolewa na sindano, na mkononi yakaniachia unga mweupe.

Nilitaka kuyaosha yale mahindi, niyaanike, nikayasage. Pesa yangu ilikuwa mle. Mama akakataa katakata, na ninamshukuru hadi leo. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wenyewe, na sumukuvu haiondoki kwa kuosha, kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui, na wengi walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Tulifukia karibu nusu ya gunia. Hata kuku hatukuwapa, kwa sababu sumu hiyo inawadhuru nao pia.

Baada ya hapo niliuliza kila mtu aliyenikalia karibu: wauza nafaka wa soko la Kibuye, akina mama wa kanisani, mtu wa kinu cha kusaga. Nilichoelewa ni kwamba makosa yangu yalikuwa mawili tu. La kwanza, nilinunua mahindi bila kujua kama yamekauka. La pili, niliyaweka mahali yanapopata hewa na unyevu: sakafu ya simiti hupandisha maji taratibu, ukuta vilevile, na gunia la kawaida halizuii chochote. Kwa maharagwe kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Yule mdudu mara nyingi hutoka nayo shambani. Anataga yai maharagwe yakiwa bado kwenye maganda, na wewe unanunua kitu kinachoonekana kisafi huku mdudu yumo ndani akisubiri.

Hapo ndipo nilipofundishwa chupa ya chumvi. Unatafuta chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Chumvi unaikaanga kidogo kwenye sufuria bila mafuta, kwa sababu chumvi ya Kisumu huwa imeshavuta unyevu hewani, kisha unaiacha ipoe. Unatia vijiko viwili vya chumvi, unajaza mahindi kama theluthi moja ya chupa, unafunga, unatikisa kama dakika moja, unaiweka chini. Baada ya robo saa unaitazama. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayajakauka, usiyahifadhi. Ikianguka yote chini na kuacha kioo kisafi, unyevu uko chini ya asilimia 15. Wataalamu wa nafaka wanataka asilimia 13.5 kwa kuhifadhi muda mrefu, kwa hivyo hata nikiona kioo kisafi bado nayaanika siku mbili zaidi juu ya turubai.

Januari 2024 chupa hiyo iliniokoa. Mwisho wa 2023 mvua ya El Nino ilinyesha wakati wa mavuno, na mahindi mengi yaliyokuwa sokoni yalionekana mazuri kwa macho. Nilienda Kibuye Jumapili nikiwa na chupa kwenye kikapu. Muuzaji wa kwanza aliniangalia nikitikisa, akaniambia, "Kastoma, unanunua mahindi ama unapika?" Chumvi iligandia kioo chote kama sukari kwenye mdomo wa mtoto. Wa pili hivyo hivyo. Nilimpata wa tano, mama mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa yamekaushwa tangu Novemba, na nikamwongezea shilingi kidogo kwa kila gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, bila kinyongo.

Mahindi sasa nayatia kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa: nailoni mbili ndani ya gunia moja. Unafunga ya kwanza kwa kuisokota na kuikunja, kisha ya pili, kisha gunia lenyewe. Mdudu aliyebaki ndani anamaliza hewa na kufa, na hakuna dawa uliyotia kwenye chakula cha watoto. Gunia linakaa juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, maana panya akitoboa nailoni umerudi ulikoanza.

Kwa maharagwe, ndengu na njugu karanga natumia mitungi ya manjano ya lita 20, ile iliyotoka na mafuta ya kupikia. Mmoja unabeba maharagwe kama kilo 15. Unauosha kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe, na unaukausha juani siku tatu ukiwa umepinduliwa, kwa sababu tone moja lililobaki linaharibu kila kitu. Maharagwe nayaanika, nayapepeta, nayachambua, kisha nayamimina kwa faneli ya chupa iliyokatwa huku nikiugonga mtungi chini ili yashuke. Siri ni kujaza mpaka shingoni. Ukiacha nafasi umeacha hewa, na hewa ndiyo uhai wa mdudu. Chini ya kifuniko naweka kipande cha tyubu ya baiskeli nilichokikata duara, kisha nakaza. Mtungi ukishafungwa hauguswi mwezi mzima, na ukifunguliwa unatumiwa mpaka uishe kabla ya kugusa mwingine. Ndiyo maana mitungi minne midogo ni bora kuliko pipa moja: kila ukifunua pipa umempa mdudu pumzi.

Kuhusu nini cha kuweka, nilijiwekea sheria: kitu hakiingii stoo kama sijui kukipika kwa njia tatu ambazo watoto wangu wanakula. Awali nilikuwa nimenunua kamande kwa kuwa jirani alizisifu, zikakaa mwaka mzima. Mahindi yanatoa unga wa ugali, yanatoa nyoyo nikiyachemsha na maharagwe, na yakikobolewa na kuchemshwa na ndengu ni chakula kingine kabisa. Maharagwe nayachemsha mengi Jumamosi. Jioni ni mchuzi wenye kitunguu na nyanya, kesho yake nayaponda na viazi, na yanayobaki yanaingia kwenye wali. Ila yachemshe kwa nguvu mwanzoni kabla ya kupunguza moto, hasa yale mekundu, kwani yakiwa mabichi yanaumiza tumbo vibaya. Na usiweke ya zaidi ya mwaka mmoja: yanakuwa magumu, makaa yanaisha na bado yanalia kwenye meno.

Wimbi nauweka kama nafaka, si unga. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nilisaga gorogoro sita kwa pamoja, na kabla ya mwezi kuisha uji ukawa mchungu. Nafaka nzima inakaa, unga unachacha. Sasa nasaga wa wiki mbili tu. Nikichanganya na muhogo mkavu napata ule ugali wa rangi ya udongo unaoliwa huku kwetu, na mtoto mdogo anakunywa uji wake asubuhi. Njugu vilevile nazihifadhi mbichi, nazikaanga na kuzisaga kidogo kidogo. Kijiko kikubwa cha njugu zilizosagwa kinabadilisha osuga, yaani mboga ya mnavu, kinabadilisha omena, wale dagaa wa ziwani, na siku ambayo hakuna kitu kinakuwa mchuzi chenyewe. Zichambue tu: iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, kwa sababu sumukuvu inazipenda njugu kama inavyopenda mahindi.

Omena ndiyo nyama ya stoo yangu. Uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, ndiyo miezi yangu mikavu, kwa hivyo nanunua Februari na Machi. Natafuta iliyoanikwa juu ya nyavu, si ile ya mchangani ambayo hata ukiosha mara tano bado unatafuna mchanga. Nikifika nyumbani nayaanika tena siku moja, kisha nayapitisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka yaanze kulia. Ukishika moja ukalivunja, likatika kwa mlio, limekauka. Likijipinda, rudisha juani. Hayo yanakaa kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kukaza, na nayaangalia kila wiki.

Mchele nanunua wa Ahero, ukitoka mjini kuelekea Nairobi utawaona akina mama wanaouuza kando ya barabara. Uliovunwa karibuni unahitaji maji pungufu, la sivyo unashikana. Nje ya hapo ni vitu vidogo: chumvi, bizari, tangawizi niliyokausha, mafuta ninayoyaweka mbali na dirisha, vitunguu kwenye wavu juu, mbali na viazi. Majani ya kunde yakijaa sokoni na kuwa rahisi nayatia kwenye maji moto dakika moja na kuyakausha kivulini. Mwezi ambao mboga ni ghali nayalowesha na kuyapika na njugu. Sukari na majani ya chai sijazi. Vikiwa vingi ndani vinatumika ovyo, na pesa ile ni bora ikae kwenye maharagwe.

Mwaka wa kwanza nilikuwa peke yangu. Sasa tuko wanawake watano kwenye ploti. Kila mmoja anaweka shilingi 300 kwa wiki kuanzia Septemba, na Januari tunaenda Kibuye pamoja na kugawana magunia kwa gorogoro uani. Mabishano huwa hayakosekani, hasa kuhusu kama gorogoro ijazwe kwa kilele au ipigwe bapa. Tulikubaliana inapigwa bapa kwa fimbo, na fimbo inashikwa na yule anayepokea wa mwisho.

Mwaka jana mwezi wa Juni tulipata msiba ukweni, na wageni kumi na mmoja wakapitia kwangu wakielekea Seme, usiku, bila taarifa. Kibandani siku hiyo nilikuwa nimepata shilingi 150. Nilifungua mtungi wa ndengu, nikachemsha, nikaunga na kitunguu na bizari, nikasonga ugali, nikakaanga omena. Wakala, wakashiba, na nilipoinua ule mtungi bado ulikuwa mzito.

Mama mkwe alikuja tena Januari hii kabla ya watoto kufungua shule. Alikuta mahindi mapya uani. Akachukua punje moja, akaiuma kwa jino la pembeni, ikalia ta, akaniambia yamekauka. Mimi nikaleta chupa na chumvi. Tulikaa wote wawili kwenye benchi ile robo saa tukizungumza habari za nyumbani, kisha akaiinua chupa dhidi ya jua na kuizungusha polepole. Kioo kilikuwa kisafi. "Jino langu halijazeeka," akasema. Alipoondoka kurudi Seme aliibeba chupa, kwa kuwa kuna mtu wa huko anataka kumuuzia mahindi na hamwamini, na sasa natafuta nyingine.