Kupanda Old Moshi kutafuta kilabu cha zamani

Baa za Moshi mjini haziwezi kuwa za kale sana, maana mji wenyewe ni mgeni pale ulipo. Wajerumani waliweka boma lao juu mlimani Kilimanjaro, Old Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, ofisi na maduka vikateremka kuifuata. Nikaziacha baa za mjini na nyama choma zake, nikapanda kutafuta kilabu cha pombe ya kienyeji.

Daladala ya Kiboriloni ilibeba marobota ya mitumba kuliko abiria. Kutoka hapo nikachukua bodaboda kuelekea Kidia, barabara ikijipinda katikati ya migomba na mibuni. Dereva akanipitisha Tsudunyi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Alizima pikipiki bila kuombwa.

Kilabu nilichoelekezwa hakina bango. Ni banda la mbao lenye mabenchi marefu, wazee wamekaa wakigeukiana.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Sogea huku, mjukuu, usikae mlangoni kama mkusanya ushuru."

Mama mwenye kilabu akachota mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, akaonja yeye kwanza, ndipo akanikabidhi kata. Anayekunywesha huonja mbele yako, ujue hakuna kilichotiwa ndani.

Nilimuuliza mzee wa pembeni kilabu kimejengwa lini. Akaniambia bati limebadilishwa, nguzo nazo zimebadilishwa, sasa ninauliza umri wa nini? Akageuzia mazungumzo kwenye pombe, na nadhani alikuwa na haki.

Mama akanipeleka nyuma jikoni. Ndizi zilizoivishwa huchemshwa kwa muda mrefu mpaka zigeuke wekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa, ukiota huanikwa na kusagwa, ndiyo kimea. Unga wake hupikwa uji, ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Uchungu unatokana na msesewe, ganda la mti. Aliniwekea kipande ulimini. Hata kwinini ina afueni kuliko huo. Ukizidisha, alisema, wateja wanahamia kwa jirani, ukipunguza wanasema umewauzia togwa, kinywaji kitamu kisicholevya.

Bia ya chupa, ukilinganisha, ni ya juzi. Kiwanda cha Nairobi kilichozaa Tusker kilianza mwaka 1922, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kunywa vinywaji vya Wazungu, akaachiwa vilabu vya pombe za kienyeji vyenye vibali na ushuru. Mzee alikumbuka simulizi za baba yake kuhusu hilo, akacheka: waliokatazwa chupa ndio walioendelea kukaa na mbege, posa ikapelekwa nayo, ugomvi wa mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, ukamalizwa nayo, matanga pia. Hakuna baa ya mjini niliyowahi kuona ikisuluhisha mpaka. Kuanzisha, labda.

Vijana wawili waliingia na chupa zao mkononi, wakaagiza kata moja ya kushirikiana. Hakuna aliyewasema.

Jioni nikashuka. Pale stendi ya Kiboriloni mwanamama mmoja alitaka kupanda na dumu la mbege, konda akamtaka alifunge kifuniko vizuri lisimwagikie abiria.

"Nikilikaza litapasuka kabla hatujafika mjini," alisema mama, "bado linachemka."

Akapewa kiti cha mbele, dumu mapajani, kifuniko kimelegezwa, na gari zima likanukia ndizi.