Nilivyowaelezea watoto jinsi sensa (vifaa vya kupimia) za shambani zinavyotuma taarifa

Watoto wa hapa kwetu Uyole waliniuliza, anko, ile sensa ya unyevu wa udongo kwenye maparachichi kule Rungwe inaungwa bando gani? Haiungwi bando, ina redio ndogo tu, nikaona badala ya kuchora ubaoni tucheze, na imewaingia kweli ndo maana nawaandikia wenye watoto.

Kila mtoto ni sensa, nampa punje 6 za maharage ndo betri yake. Neno moja punje moja. Akisikiliza tu nayo inaenda, hapo wanabisha sana ila ndo ukweli, redio nyingi za masafa mafupi zikisikiliza zinakula umeme karibu sawa na zikituma. Kwahiyo unalala, masikio umeziba, unahesabu kimoyomoyo mpaka 100, unaamka unasema namba yako, yaani kipimo chako, unalala tena. Kamoja kalianza "shikamoo anko, mimi ni sensa ya shamba…" punje zikaisha hata namba hakajaitaja! Wenzake wakaelewa hapohapo. Kwenye IEEE 802.15.4, kanuni ya redio ndogo kama hizi, ya mwaka 2003, ujumbe mzima mwisho baiti 127, SMS moja tu ni 140.

Sasa usalama, mimi ndo napenda zaidi hapa. Nikamweka mwizi katikati, yeye hata haelewi kitu, anarudia tu kipimo cha udongo mkavu alichosikia jana, na pampu ya maji inayosubiri hicho kipimo inafunguka. Tukaongeza namba ya zamu, zamu ya zamani inakataliwa. Binti mmoja akasema si mwizi ataongeza moja tu? Aisee nilifurahi. Ndo tukaweka muhuri: zamu 8 jumlisha kipimo 35 ni 43, zidisha kwa namba ya siri 17 unapata 731, unataja tarakimu ya mwisho, 1. Mwizi akisema zamu 9 kwa kipimo kilekile, muhuri sahihi ni 8, na siri hana. Kwa kubahatisha atapata mara moja kati ya kumi, ila muhuri wa LoRaWAN, mtandao wa redio za masafa marefu kwa sensa, ni baiti 4, yaani bahati moja kati ya bilioni nne na ushee, afu kipimo chenyewe kinafichwa kwa AES, njia ya kuficha ujumbe kwa namba ya siri, yenye ufunguo wa biti 128.

Swali la mwisho lilikuwa, hiyo 17 sensa inaambiwaje bila mwizi kusikia? Inawekwa kiwandani au kwa waya, kabla haijapelekwa shamba.