Kodi ilisema P0335, sensa ilikuwa nzima: nilivyotafuta hitilafu kwenye gari lisilowaka

Kodi ni namba ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta ya gari, na P0335 haisemi kwamba sensa ya krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) imekufa. Inasema kompyuta ya injini haipati taarifa inayoitegemea kutoka kwenye saketi ya sensa hiyo. Katika saketi hiyo sensa iko ncha moja, kompyuta iko ncha nyingine, na katikati kuna nyaya mbili, soketi zenye vipini vyake, na utando wa chuma unaozikinga nyaya dhidi ya umeme wa jirani. Kimojawapo kikiharibika, kodi inayotoka ni ileile. Naanza na hili kwa sababu hapa Tanga bado naona watu wananunua sensa, kisha koili za cheche, kisha kompyuta nzima ya mtumba, na gari bado limelala uani.

Gari langu ni Toyota IST yenye injini ya 2NZ. Lilizimika nikiwa barabarani natoka shuleni, bila kukosa nguvu kwanza wala kutetemeka. Mshale wa mizunguko ya injini ulidondoka ghafla hadi sifuri. Nilipopiga selfu injini ilizunguka kwa nguvu, lakini haikuwaka, na mshale ule haukutikisika hata kidogo. Hapo tayari nilikuwa na fununu. Injini ikizungushwa na selfu, mshale kwa kawaida huinuka kidogo, maana kompyuta inaona mzunguko. Usipoinuka, yaelekea kompyuta haijui kama injini inazunguka.

Ubaya wa kutojua huko ni mkubwa. Kwenye krenki kuna gurudumu la meno 34 na pengo lililoachwa pa meno mawili. Kila jino likipita mbele ya sensa, linazalisha umeme mdogo ndani ya koili ya sensa. Kompyuta inahesabu meno, ikiliona pengo inajua krenki imefika wapi, ndipo inapoamua lini imwage mafuta na lini irushe cheche. Meno yasipoonekana, haimwagi mafuta, hairushi cheche, na rilei ya pampu ya mafuta, yaani swichi yake inayoendeshwa na kompyuta, haipitishi umeme. Ndiyo maana gari la namna hii huwachanganya watu: ukipima cheche hakuna, ukipima mafuta hakuna, basi unadhani vitu viwili vimekufa kwa pamoja.

Fundi umeme tuliyezoeana naye alikuja na mashine yake ya kupimia. Zikatoka kodi tatu: P0335, P0100 na P0110.

“Mwalimu, hii imeshajieleza,” akaniambia. “Sensa ya krenki imekufa. Hizi mbili ni za sensa ya hewa, nayo tubadilishe kabisa tumalize kazi.”

“Fundi, soketi ya sensa ya hewa imechomolewa na nani?”

“Nilichomoa mimi wakati nakagua, swichi ikiwa imefunguliwa.”

“Basi hizo mbili huenda zimezaliwa hapo. Tuzifute kwanza tuone zipi zitarudi.”

Akafikiri kidogo, akakubali. P0100 inahusu saketi ya kipima hewa inayoingia kwenye injini, P0110 inahusu joto la hewa hiyo, na kwenye gari langu vyote viwili vimo ndani ya kifaa kimoja chenye soketi moja. Ukiichomoa soketi swichi ikiwa wazi, yaani ufunguo umewasha umeme wa gari, kompyuta inaandika kodi zote mbili papo hapo. Sensa ya krenki ingeagizwa Dar es Salaam, kwa hiyo tukapatana aniachie gari nilipime jioni kabla hajatuma hela.

Nilianza na betri, ingawa selfu ilikuwa inazungusha vizuri. Betri dhaifu huzaa kodi za uongo, maana umeme ukishuka sana wakati wa selfu kompyuta na sensa zinapata chakula pungufu na kila moja inalalamika kivyake. Mita ilisoma volti 12.5 gari likiwa kimya, na 10.3 selfu ikizunguka. Ningekuta chini ya 9.6 ningesimama hapo nishughulikie betri. Nikapima pia ethi, waya unaounganisha chuma cha gari na upande hasi wa betri: mkono mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini, selfu ikizunguka. Ikatoka chini ya volti 0.2, maana yake waya wa ethi ni mzima. Kipimo hiki huchukua muda mfupi mno, na magari ya pwani yanakihitaji kuliko ya bara, kwa sababu hewa ya chumvi inakula vichwa vya ethi kabla ya kitu kingine.

Baada ya kuandika kodi zote daftarini nikazifuta kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, ile inayolisha kompyuta ya injini, na kuiacha nje zaidi ya dakika moja. Kuandika kwanza ni lazima. Ukifuta bila kuandika umetupa ushahidi. Nikairudisha, nikapiga selfu kwa sekunde kadhaa, gari halikuwaka, nikasoma upya.

Mashine ya fundi alikuwa ameondoka nayo, na kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuunganisha na simu hakikuwasiliana na gari langu. Magari mengi ya umri wa gari langu yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ya matundu 16 kama ya Marekani, lakini lugha inayopita ndani yake si ile ambayo vifaa vya bei nafuu vinaijua. Toyota hizo zina njia ya zamani. Chini ya usukani, kwenye soketi hiyo, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, halafu unaitazama taa ya injini. Upande mpana wa soketi ukiwa juu, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote na ukiligusisha na la 4 umepiga shoti.

Taa ikapepesa mara moja, ikapumzika kama sekunde moja na nusu, ikapepesa mara mbili. Ikapumzika kwa muda mrefu zaidi, ikarudia vilevile. Moja, mbili. Kumi na mbili. Nikaiangalia ikirudia mpaka nikaridhika kwamba hakuna namba nyingine inayofuata. Katika orodha hiyo ya zamani, 12 ni kukosekana kwa taarifa ya mzunguko wa injini wakati wa selfu; 24 na 31, ambazo ndizo za joto la hewa na kipima hewa, hazikuwepo. Kwa hiyo sensa ya hewa ikatoka kwenye orodha ya manunuzi bila senti moja kutumika.

Sensa ya krenki kwenye injini hii inakaa jirani na puli kubwa ya chini, upande wa mkanda. Nilipandisha gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi, nikatoa tairi la mbele kulia na plastiki inayozuia matope, nikaifikia soketi yake. Sensa yenyewe ni koili ya waya juu ya sumaku, ina vipini viwili tu, hivyo inapimika kwa mita ya kawaida. Mita yangu haikufika shilingi 30,000 na ndiyo hiyohiyo ninayowaonyeshea wanafunzi sheria ya Ohm.

Sensa ikasoma ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) elfu moja mia mbili na kidogo. Koili iliyokatika isingesoma kitu, iliyopiga shoti ingesoma karibu na sifuri. Nikapima kila kipini dhidi ya chuma cha injini: hakuna mawasiliano, ndivyo inavyotakiwa. Kuna sensa ambazo zikiwa baridi hupimika vizuri halafu hufa zikipata moto, kwa hiyo nikaipuliza kwa draya ya nywele huku mita imeshikizwa. Ohm zikapanda taratibu, bila kuruka. Mwisho nikageuza mita kwenye volti za AC na kumwambia mdogo wangu apige selfu, mimi mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda. Namba ikapanda hadi karibu nusu volti. Sensa ilikuwa hai na meno ya gurudumu yalikuwa yanaonekana.

Sasa swali likawa moja: taarifa inapotelea wapi njiani? Nikarudisha soketi ya sensa, nikatoa kichwa hasi cha betri, nikaenda ncha ya pili. Kompyuta ya injini kwenye gari langu iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Nikachomoa soketi yake, nikatafuta kwenye mchoro wa umeme vipini viwili vya NE, vinavyopokea taarifa ya sensa ya krenki, nikaweka mita. Kama njia ni nzima, hapa panapaswa kusomeka zile ohm elfu moja mia mbili zilezile, maana ni koili ileile tunaiangalia kutoka mbali. Mita haikusoma kitu. Nikapima waya mmoja mmoja kutoka soketi hadi soketi: wa kwanza chini ya ohm moja, wa pili umekatika.

Kuupata mahali ulipokatikia ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kazi zote. Kwa macho waya ulikuwa mzima. Nikaufungua mrija wa plastiki unaofunika fungu la nyaya, kipande kwa kipande, nikivuta kila waya taratibu kwa vidole. Karibu na bano la altaneta (jenereta inayochaji betri), ambapo zamani gereji moja ilibadilisha altaneta na kulirudisha fungu bila kulibana kwenye kishikizo chake, waya mmoja ukanyumbuka. Shaba haivutiki hivyo. Ukiona waya unarefuka mkononi, ujue ndani hakuna shaba, unavuta plastiki tupu. Nikaupasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na unga wa kijani na nyuzi chache zilizosagika, urefu wa kama ukucha. Mtikisiko ulikuwa umezikata nyuzi polepole, unyevu ukaingia kwenye ufa mdogo usioonekana, na chumvi ya bahari ikamalizia.

Nilikata pande zote mbili mpaka nikafikia shaba inayong'aa, kwa sababu lehemu haishiki kwenye shaba ya kijani hata uipake nini. Nikaunga kipande kipya cha unene uleule, nikalehemu kwa risasi, nikavisha mpira unaosinyaa kwa joto, nikaurudisha utando wa kukinga ukiwa umeungana pande zote mbili. Utando huo wengi huutupa. Nyaya za sensa hii hubeba umeme mdogo sana na zinapita jirani na altaneta. Bila kinga, kompyuta inaweza kuhesabu makelele kama meno. Kisha nikalifunga fungu kwenye kishikizo chake, mbali na bano.

Kwenye soketi ya kompyuta mita sasa ikasoma elfu moja mia mbili na kidogo. Nikaunganisha kila kitu, nikarudisha betri, nikapiga selfu. Mshale ukainuka, injini ikawaka. Nikafuta kodi na kuiangalia tena taa ya injini kupitia tundu la 4 na la 13: ikapepesa haraka mfululizo bila kupumzika, ishara kwamba hakuna kodi iliyobaki. Fundi alipokuja asubuhi nilimwonyesha kipande kile cha waya. Akakikunja, akakivuta, akaomba abaki nacho awaonyeshe vijana wake.

Tangu hapo ananiita akipata gari gumu, na lililonifundisha zaidi halikuwa na kodi kabisa. Lilikuwa la mwalimu mwenzangu, Toyota nyingine, lililoacha kuwaka baada ya injini kuoshwa kwa pampu ya maji. Mashine haikuweza kuwasiliana na kompyuta, na watu walishasema kompyuta imeungua. Mimi nilitazama taa ya injini: swichi ikifunguliwa, haikuwaka hata kwa sekunde moja. Taa hiyo lazima iwake kabla injini haijawaka. Fyuzi zilikuwa nzima, na umeme wa betri ulikuwa unaifikia kompyuta vizuri pamoja na ethi yake.

Kompyuta hutoa volti 5 kwa ajili ya baadhi ya sensa zake, na katika Toyota kadhaa njia hiyo ya volti 5 ikipiga shoti, kompyuta yenyewe hulala. Haiandiki kodi, haiwashi taa, haijibu mashine. Kwa hiyo tuliacha swichi wazi na kuchomoa soketi za sensa zinazokula volti 5, moja baada ya nyingine, macho yakiwa kwenye dashibodi. Tulipochomoa ya sensa ya throto, kilango kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini, taa ikawaka. Ndani ya soketi ile kulikuwa na maji na vipini vimeanza kuota kijani. Tukaikausha kwa hewa, tukavisugua vipini kwa brashi ndogo na spirti, tukapima volti kwenye soketi kabla ya kuichomeka: 5 kamili. Likawaka, na kompyuta iliyokuwa tayari imeshatafutiwa bei ikabaki dukani.