Ukihamisha nyuki, kalenda yake inakuja nayo

Niliwahi kununua kundi la nyuki wa tambarare nikalipandisha juu mlimani kwenye baridi na ukungu, mzinga mzuri, maua yapo, najiona fundi kabisa. Baada ya wiki kadhaa nafungua mfuniko, kimya. Masega yamebaki makavu, asali hata ya kulamba kidole hakuna, nyuki wawili watatu wanazurura tu, wenzao washasepa. Nikalaumu siafu, nikamlaumu na aliyeniuzia, jamaa akacheka akaniambia "hao ndo walivyo bana". Nilikasirika lakini kumbe alisema kweli.

Nyuki wa savana, wataalamu wanamwita scutellata, ametoka sehemu ambazo mvua ikikata maua yanaisha ghafla, na kule aliyeng'ang'ania mzinga alikufa, aliyehama ndo akaacha uzao. Kwa hiyo kuhama kumo ndani yake. Haweki akiba kubwa, anazaa haraka, anagawanya kundi mara nyingi, mambo yakiharibika anaondoka.

Sasa chukua nyuki wa Ulaya kaskazini. Yeye aende wapi wakati theluji iko kila mahali? Anajaza asali, halafu baridi ikiingia wanajikusanya wote kama mpira, wanatetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa na joto linatoka hapo, wa nje wanaingia ndani wa ndani wanatoka. Na wale wanaozaliwa karibu na baridi wana akiba ya mafuta na protini mwilini kiasi kwamba wanaishi miezi mingi, wakati dada yao wa kiangazi, mama mmoja yule yule, anakufa ndani ya wiki sita hivi.

Mtu atasema basi nyuki anaona hali ya hewa anajirekebisha. Kidogo, ndio. Lakini kuna jaribio la Ufaransa ndo lilinimaliza. Kule Landes, kusini magharibi, kuna vichaka vya Calluna vinavyochanua mwishoni mwa kiangazi, na nyuki wa pale wanaongeza majana kwa mara ya pili mwaka huo huo ili jeshi liwe tayari maua yakifunguka. Miaka ya 1960 mtafiti Louveaux akawapeleka karibu na Paris, ambako hayo maua ya kuwangoja hayapo, na wa Paris akawapeleka Landes. Kila kundi likafuata ratiba ya kwao! Yaani wa Landes wanalea watoto kibao wakisubiri maua yasiyokuja.

Na Brazil ni hivo hivo ila kwa kinyume. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtafiti wa huko, alipeleka malkia wa nyuki hawa wa savana kutoka Afrika, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, wakaenea mpaka Texas mwaka 1990. Nchi za joto waliwafunika nyuki wa Kizungu kabisa, lakini walipokutana na baridi kali, mfano Argentina wakielekea kusini, mbio zikaishia hapo.

Kitu nilichokuwa sielewi ni nyuki wa milimani Afrika Mashariki, monticola, weusi na wapole. Malkia anapandwa na madume wengi hewani, na madume wa tambarare si mbali, sasa mbona damu haijachanganyika ikaisha? Utafiti wa mwaka 2017 uliwapima nyuki wa misitu ya milima ya Kenya na wa savana, na jeni zao karibu zote zinafanana, isipokuwa vipande viwili vikubwa, kimoja kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 7 kingine ya 9. Vipande hivyo vimegeuzwa juu chini, na kipande kikigeuka hivyo hakikatwi-katwi kirahisi wakati wa kuchanganya urithi, kinarithiwa kizima kizima kama furushi lililofungwa kamba. Hapo nikaelewa, madume wa chini waje wasije, furushi la mlimani linabaki.

Kwa hiyo siku hizi sipandishi kundi lolote juu. Natundika mzinga mtupu kule kule, naupaka nta ndani, nasubiri. La kwanza limeshaingia lenyewe, weusi tii, na asubuhi ukungu haujaondoka unawakuta washaanza kurudi na chavua miguuni.